Unaenda Ufilipino bila viza? Mambo ya kuongeza muda yapange ukiwa bado nyumbani

Kama pasipoti yako ni ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, Ufilipino unaingia bila viza, unafika airpoti unagongewa muhuri wa siku 30 na unaendelea na safari yako. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua, au wanalijua nusu nusu, ni kwamba zile siku 30 zinaongezeka ukiwa huko huko ndani, tena sio mara moja, unaweza kwenda ukiongeza mpaka ufike miaka mitatu kwa sisi tunaoingia bila viza. Mimi nilienda kwa mwezi nikajikuta nimekaa karibu miezi saba, na kila kitu kilichonisumbua kule kilikuwa kitu ambacho ningekimaliza nikiwa bado Dar nimekaa sebuleni kwangu. Kwahiyo naandika kwa ajili ya yule ambaye bado hajapanda ndege.

Cha kwanza kabisa, kabla hata ya kuangalia nauli, amua kweli unataka kukaa muda gani. Najua mtu unasema nitaona nikishafika, ila hilo jibu ndo linaharibu mambo, maana tiketi, pesa, bima, pasipoti na hata laini ya simu vyote vinapangwa kwa kufuata hilo jibu. Ukisema siku 30 alafu rohoni unajua utakaa miezi mitatu, jipange kwa miezi mitatu.

Tuanze na pasipoti maana ndo inayosahaulika. Wanataka iwe na uhai wa miezi sita kuhesabu kutoka mwisho wa kukaa kwako, sio kutoka siku unayoingia. Sasa mtu ana pasipoti iliyobakiza miezi nane anaona iko salama, na kwa mwezi mmoja kweli iko salama, lakini akitaka kukaa miezi minne hapo ndo kasheshe inaanza. Na kubadilisha pasipoti ukiwa nje sio kama kwenda uhamiaji pale Kurasini, ubalozi wa nchi yako unaohusika na Ufilipino unaweza kuwa uko nchi nyingine kabisa, kwahiyo angalia mapema ni upi na uko wapi, usidhani tu lazima uko Manila. Kama imebakiza chini ya mwaka na nusu na unawaza kuongeza muda, mimi nakushauri badilisha kabla ya kuondoka. Na angalia kurasa tupu pia, mihuri inakula kurasa.

Tiketi sasa. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wengi wanarudishwa nyumbani kabla hata safari haijaanza. Ili uingie bila viza lazima uonyeshe tiketi ya kutoka, ya kurudi au ya kwenda nchi nyingine, na anayekukagua wa kwanza sio uhamiaji wa Ufilipino, ni yule dada au kaka wa kwenye kaunta ya ndege unapokabidhi mabegi. Yeye anaangalia kompyuta yake inamwambia pasipoti hii siku 30, anaangalia tiketi yako ya kurudi ni baada ya siku 75, basi anakwambia siwezi kukupandisha. Ukimweleza kwamba muda unaongezwa ukifika atakusikiliza vizuri tu na bado hatakupandisha, maana abiria akikataliwa kule shirika la ndege ndo linabeba mzigo wa kumrudisha. Nilimuona kijana mmoja mbele yangu kwenye foleni, begi lake lilikuwa limeshapimwa lina lebo tayari, likatolewa kwenye mzani likarudi chini, akabaki amesimama na simu anatafuta tiketi ya kununua palepale huku mama yake amesimama nyuma ya kamba hajui kinachoendelea. Iliniuma kwasababu yule kijana hakuwa na kosa lolote, hakuambiwa tu.

Njia za kulimaliza hili ziko tatu na zote ni halali. Ya kwanza ni kununua tiketi ya kurudi iliyo ndani ya siku 30 lakini ya aina inayobadilishika tarehe, na uulize kabisa kubadilisha ni bei gani, sio uambiwe tu inabadilika. Ya pili ni kununua tiketi ya bei ndogo ya kutoka Manila au Cebu kwenda nchi ya jirani, kwa mfano Singapore au Malaysia ambako Mtanzania na Mkenya wanaingia bila viza, hata kama hutaitumia. Ya tatu watu wengi hawaifikirii kabisa, unaomba viza ya utalii kwenye ubalozi wa Ufilipino ulioko Nairobi kabla ya kuondoka, hiyo inakupa siku 59 moja kwa moja kuanzia siku unayoingia, kwahiyo kama mpango wako ni miezi miwili kasoro tu unakuwa umeshamaliza habari yote bila kukanyaga ofisi yoyote kule. Ila njia ya nne, ile ya kutengenezewa tiketi ya uongo na mtu wa mtandaoni, achana nayo kabisa, namba ya tiketi inaangaliwa kwenye mfumo, na ukikamatwa umedanganya uhamiaji hiyo haifutiki kirahisi.

Ndani ya saa 72 kabla ya kufika unajaza eTravel, ni fomu ya onlaini ya serikali yao, unapata msimbo wa QR unauonyesha ukifika. Ni bure. Ukiona tovuti inakudai dola ujue sio yenyewe, ya serikali anwani yake inaishia na gov.ph. Beba na kadi yako ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ile halisi sio picha kwenye simu, sisi tunatoka ukanda ambao kadi hiyo inaulizwa, na kama utapita Singapore au Malaysia ndo kabisaa.

Sasa muhuri. Ukishagongewa usiondoke pale kaunta hujausoma, soma tarehe. Mimi niliingia tarehe 3 Julai, kichwani nikaweka mwezi mmoja, nikakata tiketi ya kurudi ya tarehe 3 Agosti. Wiki ya tatu hivi nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba niliyopanga nafungua pasipoti natafuta kitu kingine kabisa, naona wino wa buluu umeandika tarehe 2 Agosti. Nikahesabu kwa vidole mara mbili. Julai ina siku 31, siku 30 sio mwezi. Yaani tiketi yangu ilikuwa inanitoa nchini siku moja baada ya muda wangu kuisha, na nisingejua mpaka nifike airpoti. Kwahiyo hesabu siku, na ukishausoma muhuri piga picha, weka alamu kwenye simu siku kumi kabla.

Mwishowe sikubadilisha tiketi, niliongeza muda. Nyongeza ya kwanza inaitwa visa waiver, inakupa siku 29 juu ya zile 30, jumla 59, na ilinigharimu kama peso elfu tatu hivi. Inafanyika kwenye ofisi za Bureau of Immigration, makao makuu yako Intramuros, Manila, mji mkongwe wa Waspanyola, lakini miji mingi mikubwa ina ofisi zake na kwa kweli hizo za mikoani foleni zake zinavumilika zaidi. Hii ya kwanza pia inaombwa onlaini kwenye mfumo wao wa e-services. Usisubiri siku ya mwisho, nenda wiki nzima kabla. Hawatakupunja, siku zako mpya zinaanza kuhesabiwa pale za zamani zinapoishia, sio siku uliyolipa.

Jiandae hivi: pasipoti yenyewe, kopi ya ukurasa wa picha, kopi ya ukurasa wenye muhuri wa mwisho wa kuingia, peni yako, pesa taslimu, na picha ndogo za inchi mbili kwa mbili zenye nyuma nyeupe. Hizo picha ndo saizi yao kule, zile zetu za pasipoti hazifanani, kwahiyo piga ukifika, ziko kila mahali na ni rahisi. Na nguo. Hili usilichukulie poa, ofisi za uhamiaji kule zina utaratibu wa mavazi, bukta, singlendi na malapa hazipiti mlangoni. Siku niliyoenda mimi kulikuwa na mzungu mmoja mtu mzima kavaa bukta na malapa, mlinzi akamuonyesha tangazo ukutani kwa upole kabisa, mzee akarudi alikotoka, na alikuwa amekuja kwa boti kutoka kisiwa kingine. Beba suruali ndefu moja na viatu vya kufunika hata kama unaenda kulala ufukweni tu.

Ukipita siku 59 mambo yanabadilika kidogo. Hapo lazima upate ACR I-Card, kadi ya mgeni yenye picha yako, ukubwa wa kadi ya benki, na yenyewe ni dola 50 juu ya ada nyingine za peso. Kwahiyo nyongeza ya pili inauma kuliko ya kwanza, andaa mara mbili yake na zaidi. Baada ya hapo unachagua mwenyewe, mwezi mmoja, miezi miwili, au miezi sita kwa mkupuo. Kama una uhakika wa kukaa, chukua muda mrefu kwa mara moja, unaokoa ada za kila safari na nauli za kwenda ofisini. Kadi haitoki siku hiyo hiyo, inachukua wiki kadhaa, na wakati huo risiti ndo kitambulisho chako. Nunua bahasha ngumu ya plastiki, kila risiti ya Bureau of Immigration iingie humo na isitoke. Nitairudia hii bahasha huko mbele.

Pesa tuiongelee bila aibu. Ukipanga bajeti ya kukaa weka fungu la uhamiaji pembeni kabisa, usilichanganye na la chakula. Kadi yako ya benki hakikisha imefunguliwa matumizi ya nje kabla hujaondoka, na namba ya simu inayopokea ujumbe wa benki iwe hai ukiwa kule, maana ukifungiwa kadi Manila saa nne asubuhi huku nyumbani ni saa kumi na moja alfajiri, wametutangulia saa tano, benki hakuna wa kupokea simu. Mashine za ATM nyingi kule zinakata peso 250 kila ukitoa kwa kadi ya nje, na nyingi mwisho wake ni peso elfu kumi kwa mara moja, kwahiyo ukitoa kidogo kidogo unaliwa. Toa kubwa kwa mara chache.

Alafu kuna vitu viwili vinavyokufa kimya kimya siku ya 30 na hakuna anayekukumbusha. Cha kwanza bima ya safari. Ulinunua ya mwezi, umeongeza muda nchini, bima haijui. Ongeza kabla haijaisha, kampuni nyingi ikishaisha hawakuongezei tena unaanza upya. Cha pili laini ya simu. Ufilipino walipitisha sheria ya kusajili laini mwaka 2022, laini ya mtalii inaishi siku 30 tu, na ili iendelee unapeleka ushahidi kwamba uhamiaji wamekuongezea muda. Sasa fikiria namba hiyo ndo uliyofungulia akaunti ya e-services, ndo uliyompa mwenye nyumba, ndo unayoitia gari. Ukishapata nyongeza yako, siku hiyo hiyo shughulikia laini.

Hali ya hewa nayo inaingia kwenye hesabu ya viza, unaweza ukashangaa lakini ndo ukweli. Vimbunga vya kule vinapita sana kati ya Juni na Novemba lakini havina adabu ya kalenda, kile cha Odette kiliipiga Cebu tarehe 16 Desemba 2021, na watu wa pale wakikusimulia hizo wiki walizokaa bila umeme na maji utaelewa kwanini wanaangalia anga kila saa. Kimbunga kikitangazwa ofisi za serikali zinafungwa na boti zinazuiwa kuondoka bandarini. Kama uko kisiwa kidogo na muda wako unaisha kesho, umekwama. Wiki ya Pasaka pia, Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu nchi nzima inasimama, ni nchi ya Wakatoliki ile, na Krismasi ndo usiseme. Muda wako ukiangukia hapo nenda wiki mbili kabla.

Ukipitiliza muda je? Kupitiliza siku chache sio mwisho wa dunia lakini unalipa faini, unalipa na zile nyongeza zote ambazo hukuzilipa, na ukipitiliza sana unaweza kuishia kwenye orodha ya wasioruhusiwa kurudi. Usipange safari kwa kutegemea kwamba utamalizana nao airpoti usiku wa kuondoka. Foleni ni ndefu, ndege haikusubiri.

Kuna wanaosema bora kutoka nje na kurudi, unaenda Singapore au Kota Kinabalu ya Malaysia siku mbili unarudi unapata 30 mpya. Inawezekana, na kama ulikuwa unataka kuona huko kwingine ni vizuri. Ila piga hesabu, tiketi kwenda na kurudi, hoteli, chakula, na tena ukirudi unaonyesha tiketi ya kutoka upya, alafu ofisa anayekupokea ana haki ya kukuuliza kwanini unaingia ingia. Mimi niliona nyongeza ya ndani ni nafuu na ina amani zaidi.

Na wapo ambao hawahitaji haya yote na hawajui. Wengi wetu Wafilipino tumekutana nao Dubai, Doha, Muscat, tumefanya nao kazi hoteli moja au hospitali moja, na ndoa zimetokea. Kama mwenzi wako ni Mfilipino na mnaingia pamoja, kuna haki inaitwa balikbayan, unapewa mwaka mzima bila viza na bila kulipa. Lakini lazima muwe pamoja pale kaunta, mbebe cheti cha ndoa, na muiombe kwa mdomo, usiposema unagongewa 30 kama wengine. Ndugu yangu mmoja alipita kaunta tofauti na mkewe kwasababu foleni ya wageni ilikuwa fupi, akalipia miezi kumi na moja ambayo ilikuwa ya bure.

Hapa naomba unisikilize vizuri, hasa kama umri wako ni miaka ishirini na kitu na kuna mtu amekuahidi kazi. Kuingia bila viza ni kutembea. Hata ukiongeza muda mara kumi, ni kutembea. Kufanya kazi kunahitaji kibali cha kazi na viza yake, hata kozi fupi ya shule ina kibali chake maalum. Vijana wetu wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wamechukuliwa kwenda Asia ya Kusini Mashariki kwa maneno haya haya, ingia kama mtalii, ukifika tutakubadilishia, wakajikuta kwenye majengo yenye ukuta na walinzi wanalazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Huko Myanmar ndo yalivuma zaidi mwaka 2025, lakini Ufilipino nako zilikuwepo kampuni za kamari za mtandaoni zilizofungamana na mambo hayo mpaka Rais Marcos akazipiga marufuku Julai 2024. Mtu akikwambia usiwaze viza sisi tutashughulikia, na pasipoti yako atakaa nayo yeye, hapo simama. Pasipoti yako inakaa na wewe. Kabla ya kuondoka mwachie mtu wa nyumbani kopi ya pasipoti, tiketi, anwani utakapofikia, na kila ukiongeza muda mtumie picha ya tarehe mpya. Mimi nilimtumia dada yangu kila mara, hakuwa anajua nini maana ya visa waiver ila alikuwa anajua tarehe.

Mwisho kabisa ni kutoka. Ukiwa umekaa miezi sita au zaidi huwezi tu kwenda airpoti na begi, unahitaji karatasi inaitwa ECC, ya kuthibitisha huna deni wala kesi nchini. Unaiomba kwenye ofisi yao angalau saa 72 kabla ya safari, unachukuliwa alama za vidole, unapeleka picha zile za mbili kwa mbili, na ikishatoka inaishi mwezi mmoja, kwahiyo usiiombe mapema mno pia. Watu wanaijua hii wakiwa tayari wameshafika kaunta ya ndege. Ukivuka mwaka mmoja kunaongezeka na kodi ya safari, peso 1,620 kwa tiketi ya kawaida, ambayo mtalii wa muda mfupi halipi.

Siku yangu ya kuondoka nilifika mapema sana, bahasha yangu ya plastiki imechakaa kona zote. Ofisa alifungua pasipoti akafuata mihuri kwa kidole, Julai, Agosti, akafika Oktoba akasimama, muhuri wa pale ulikuwa umefifia hausomeki vizuri. Akaniomba risiti ya mwezi huo. Ilikuwa ya tatu kutoka juu. Akaisoma namba, akaangalia kompyuta, akaangalia tena risiti, akanirudishia na pasipoti yangu imeshagongwa, nikaenda kutafuta kahawa maana ndege bado ilikuwa saa mbili mbele.